Deni la Mlima: Joto la Breki katika Miteremko ya Karatu na Ngorongoro

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Gari linalotoka Mto wa Mbu kwenda Ngorongoro hupanda ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ukuta wa Bonde la Ufa, ambao hulitoa gari katika bonde lililo kwenye kimo cha mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ya pili ni nyanda za Rhotia na Karatu. Mji wa Karatu uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Ya tatu huanzia lango la Lodoare, ambako barabara hupita msituni ikipindapinda mpaka ukingo wa kreta, kiasi cha mita 2,300. Kutoka ukingoni hapo magari ya watalii hushuka tena mita 600 hivi hadi sakafu ya kreta. Ngazi hizi ni kazi ya volkano na ya mipasuko ya ardhi. Kreta yenyewe ni shimo lililobaki baada ya kilele cha mlima wa volkano kuporomokea ndani, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Katika barabara hiyo hupita mabasi ya abiria, magari ya watalii, magari ya shule, na malori ya vitunguu ambayo hupanda kutoka Mang'ola hadi Karatu, kisha hushuka ukuta wa Bonde la Ufa yakiwa na shehena kamili. Wakazi wa wilaya hiyo wanajua vema gharama ya ajali za barabara za milimani. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, basi dogo lililokuwa limechukua wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni karibu na mto Marera. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Ajali aghalabu huwa na sababu zaidi ya moja, na makala hii haikusudii kuhukumu sababu za ajali ile. Inakusudia kueleza hatari moja tu miongoni mwa nyingi za miteremko, ambayo fizikia ya shule ya sekondari inatosha kuieleza na ambayo dereva anaweza kuiepuka kabisa: hatari ya breki kupata joto kupita kiasi.

Swali lenyewe ni hili. Kwa nini breki ambazo asubuhi, katika barabara tambarare, zilishika barabara vizuri kabisa, huweza kulegea katikati ya mteremko mrefu, bila ya kitu chochote kuvunjika?

Nishati ya gari lililo juu ya mlima

Kila kitu kilichoinuliwa juu huwa na nishati tuli, ambayo ni sawa na kazi iliyofanywa kukiinua. Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu, mchapuko wa mvutano wa dunia, na kimo. Na ichukuliwe mfano wa gari la watalii ambalo, pamoja na abiria, mizigo na mafuta, lina tungamo la kilo 3,000. Likiwa ukingoni mwa kreta, mita 600 juu ya sakafu, nishati yake tuli ni:

3,000 × 9.8 × 600 = jouli 17,640,000.

Tarakimu hiyo haimwambii mwanafunzi mengi mpaka ilinganishwe na jambo analolijua. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Sentigredi kunahitaji jouli 336,000 hivi. Kwa hiyo nishati ya gari hilo ingetosha kupasha lita 52 za maji kwa kiwango hicho, yaani zaidi ya madebe mawili na nusu. Njia ya pili ya kulinganisha ni hii. Gari hilo hilo likienda kwa kilomita 60 kwa saa katika barabara tambarare lina nishati mwendo ya jouli 417,000 hivi. Dereva anayelisimamisha kwa breki huzipa breki nishati hiyo. Nishati ya kushuka ndani ya kreta ni mara 42 ya hiyo. Maana yake ni kwamba dereva anayeshuka kwa kutegemea breki peke yake huzitwisha breki zake kazi sawa na ya kulisimamisha gari mara 42 mfululizo.

Nishati hiyo haiwezi kupotea. Gari linapofika chini na kusimama, nishati tuli imekwisha na nishati mwendo haipo. Kwa hiyo yote imekwenda mahali pengine, na karibu yote imekuwa joto. Ndivyo alivyoonyesha Mwingereza James Prescott Joule katika miaka ya 1840, alipofunga vizito kwa uzi, akaviacha vishuke na kuzungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, kisha akapima jinsi maji yalivyopata joto. Gari linaloshuka Ngorongoro ni kizito cha Joule, na breki zake ni yale makasia. Tofauti ni kwamba makasia ya Joule yalikuwa ndani ya maji, na breki ziko ndani ya hewa, ambayo huchukua joto polepole mno kuliko maji.

Kwa hiyo mlima unaweza kufananishwa na mdai. Deni lake hupimwa kwa kimo na tungamo peke yake, na halipungui hata kidogo kwa ustadi wa dereva. Lakini dereva ana uchaguzi katika mambo mawili: nani alipe deni hilo, na lilipwe kwa haraka kiasi gani. Usalama wote wa mteremko umo katika mambo hayo mawili.

Breki zinapozidiwa

Breki za gari hufanya kazi kwa msuguano. Katika breki za diski, pedi mbili hubana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika breki za ngoma, ambazo mafundi huziita dramu, lainingi husukumwa kwa nje na kugusa ukuta wa ndani wa ngoma. Katika aina zote mbili nishati hugeuka kuwa joto pale penye msuguano, na joto hilo huingia kwanza katika chuma kabla ya kuchukuliwa na hewa.

Na ichukuliwe kwamba diski na ngoma zote nne zina jumla ya kilo 50 za chuma cha kusubu. Kilo 1 ya chuma hicho huhitaji jouli 460 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi 1. Kilo 50 huhitaji jouli 23,000. Iwapo nishati yote ya kushuka ndani ya kreta ingeingia katika chuma hicho bila ya kutoka, halijoto ingepanda kwa nyuzi 767. Chuma chenye joto la namna hiyo huwa chekundu. Kwa kweli haifikii hivyo, kwa sababu hewa huondoa joto njiani, na tairi na injini huchukua sehemu yao. Lakini hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba chuma cha breki ni ghala dogo kwa shehena iliyoletwa.

Joto likizidi, mambo matatu hutokea. La kwanza ni katika pedi na lainingi. Hizi hutengenezwa kwa chembechembe zilizounganishwa kwa gundi maalumu. Katika joto kali gundi hiyo huanza kuoza na kutoa gesi, msuguano hupungua, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi ili apate kani ile ile. Harufu kali ya kuungua ni dalili ya hatua hiyo.

La pili ni katika ngoma. Chuma hutanuka kinapopata joto. Kwa hiyo ukuta wa ngoma husogea mbali na lainingi, na kanyagio la breki huteremka zaidi kabla ya breki kushika. Katika mabasi na malori yanayotumia breki za upepo, fimbo inayosukuma lainingi ina mwendo wenye kikomo. Ngoma ikitanuka sana, na hasa ikiwa breki hazikurekebishwa vizuri, fimbo hufika mwisho wake huku lainingi haijabana vya kutosha.

La tatu ni katika mafuta ya breki, katika magari madogo na ya kadiri. Mafuta hayo ndiyo yanayopeleka msukumo kutoka kwenye kanyagio hadi magurudumuni, kwa sababu kimiminika hakikubali kugandamizwa kwa urahisi. Lakini mafuta ya kawaida ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa daraja la DOT 4 viwango ni 230 na 155. Mafuta yakichemka, mapovu ya mvuke hutokea katika mabomba. Mvuke, tofauti na kimiminika, hukubali kugandamizwa. Dereva akikanyaga, nguvu yake huishia kuyabana mapovu, na kanyagio huzama mpaka sakafuni. Ndiyo sababu gari lenye mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi huweza kufaulu kila jaribio mjini, kisha likashindwa mlimani.

Jambo la kutisha ni kwamba breki zikipoa, mara nyingi kasoro hizo hujificha. Mafuta hurudi kuwa kimiminika, ngoma hurudi kipimo chake, na fundi anayezikagua baadaye huenda asione lolote lililovunjika.

Injini kama mlipaji wa deni

Injini ni mlipaji wa pili, naye ana uwezo mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta huku gari likiwa katika gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kazi hutumika kushinda msuguano wa pistoni na fani zake, kuzungusha pampu, na kuvuta na kutoa hewa. Joto linalotokea huondolewa na rejeta, oili na moshi, ambavyo viliundwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuondoa joto saa nzima bila kuchoka. Malori na mabasi mengi yana pia breki ya ekzosti, yaani kilango kinachoziba njia ya moshi ili pistoni zifanye kazi ngumu zaidi ya kusukuma hewa nje.

Gia ya chini, yaani ya kwanza au ya pili, huifanya injini izunguke mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo katika mwendo ule ule gari hulipa sehemu kubwa zaidi ya deni kupitia injini. Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne huwa na gia ya ziada ya kupunguza mwendo, na barabara ya Seneto, ambayo hutumika kwa kushukia tu ndani ya kreta, ni mahali panapostahili gia hiyo. Magari ya otomatiki nayo yana nafasi za kuzuia gia zisipande. Dereva hana budi kuzitumia.

Kinyume cha haya ni desturi ya kushuka na gia huru, ambayo madereva huiita fri, kwa nia ya kuokoa mafuta. Nchini Kenya, eneo la Salgaa katika barabara ya Nakuru hadi Eldoret lilipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na desturi hiyo ililaumiwa waziwazi. Anayetia fri humwondoa mlipaji mmoja na kuziachia breki deni zima. Na faida anayoitafuta haipo: katika injini za kisasa zinazoongozwa kwa elektroniki, dereva anapoondoa mguu gari likiwa katika gia, injini hukatiwa mafuta kabisa, lakini katika fri huhitaji mafuta ili isizimike. Mwenye kuzima injini hufanya kosa kubwa zaidi, kwani msaada wa nguvu wa breki hubaki kwa mikanyago michache tu, na usukani huwa mzito.

Magari ya umeme yana mlipaji wa namna nyingine. Mota zao hugeuka kuwa jenereta na kurudisha nishati katika betri. Jouli 17,640,000 za gari la mfano ni sawa na uniti 4.9 za umeme, ingawa si zote zirudishwazo. Hata hivyo betri iliyojaa kabisa haiwezi kupokea zaidi, na gari huzirudia breki zake za kawaida.

Mwendo

Jambo la pili ambalo dereva huchagua ni haraka ya kulipa. Katika mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, gari la kilo 3,000 husukumwa chini kwa kani ya nyutoni 2,940 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, deni hulipwa kwa kiwango cha kilowati 16.3, sawa na pasi za umeme 16 za kilowati 1 moja moja. Kwa kilomita 40 kwa saa kiwango ni kilowati 32.7.

Na ichukuliwe kwamba injini, katika gia ya chini na kwa kilomita 20 kwa saa, huchukua kilowati 12. Breki hubakiwa na 4.3. Dereva akipanda gia ili aende kilomita 40 kwa saa huku injini ikizunguka kama mwanzo, injini huchukua kilowati 12 zile zile, na breki hupewa 20.7. Mwendo umezidishwa mara 2, lakini mzigo wa breki umezidishwa karibu mara 5. Ni kweli kwamba upepo wa kupoza breki huongezeka kwa mwendo, lakini hauongezeki mara 5. Halijoto ya breki hupanda mpaka kiwango cha joto linaloingia kilingane na cha linalotoka; kwa hiyo kinachoamua ni kilowati hizo, wala si ubora wa breki peke yake.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na kanuni hizi, mwongozo kwa dereva ni mfupi.

Kwanza, gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Gari likisha kushika kasi, huenda gia ya chini isikubali kuingia, na dereva akajikuta katika fri bila kutaka. Kanuni ya zamani ya kushuka kwa gia uliyopandia bado inafaa, ila magari ya kisasa yenye injini za nguvu huenda yakahitaji gia ya chini zaidi ya hiyo.

Pili, iwapo gia imechaguliwa sawasawa, breki huhitajika mara moja moja tu. Dereva akanyage kwa uthabiti hadi mwendo upungue kiasi cha kilomita 8 kwa saa, kisha aachie. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia huweza kuzitwisha baadhi ya breki kazi ya nyingine.

Tatu, kanyagio likianza kuwa laini, au harufu ya kuungua ikisikika, gari lisimamishwe mapema mahali tambarare nje ya barabara, lisubiri mpaka breki zipoe zenyewe. Tairi zizuiwe kwa mawe, na gari liachwe katika gia. Hendibreki isivutwe juu ya ngoma zenye moto. Maji yasimwagwe, kwa kuwa chuma cha kusubu kikipozwa ghafula huweza kupasuka. Wakati wa kuondoka, mawe yaondolewe barabarani, yasije yakamuua mwingine.

Nne, mafuta ya breki yabadilishwe kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na breki za upepo zipimwe na kurekebishwa kabla ya safari ya milimani. Haya yahusu Karatu kama yanavyohusu Sekenke na Kitonga.

Abiria naye ana sehemu yake. Anayesikia harufu ya kuungua katika mteremko na kunyamaza kwa kuona haya hajamheshimu dereva. Mwalimu anayesafiri na wanafunzi ana haki, na tena ana wajibu, wa kuomba gari lisimame.

Jaribio na maswali

Jaribio. Chukua bomba la plastiki la urefu wa mita 1, liwe limezibwa vizuri ncha zote mbili, na ndani uweke mchanga mkavu wa gramu 500. Pima halijoto ya mchanga. Pindua bomba mara 200, kila mara mchanga uanguke urefu wote, kisha pima tena. Iwapo joto maalumu la mchanga ni jouli 800 kwa kilo kwa nyuzi 1, halijoto ingepaswa kupanda kwa nyuzi ngapi? Kwa nini kipimo chako ni pungufu? Je, jibu lingebadilika kama mchanga ungekuwa kilo 1?

Swali la 1. Lori la vitunguu lenye tungamo la kilo 15,000 linashuka kimo cha mita 300. Tafuta nishati inayogeuka kuwa joto, na idadi ya lita za maji ambazo ingeweza kupasha kutoka nyuzi 20 hadi 100.

Swali la 2. Lori hilo linashuka mteremko wa mita 1 kwa kila mita 15 kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Injini na breki ya ekzosti huchukua kilowati 35. Breki za magurudumu zinapewa kilowati ngapi? Zitapewa ngapi mwendo ukiwa mita 10 kwa sekunde na injini ikichukua kiasi kile kile?

Majibu. Jaribio: nyuzi 2.45, tungamo la mchanga halibadilishi jibu. Swali la 1: jouli 44,100,000, lita 131 hivi. Swali la 2: kilowati 14, kilowati 63.